KIPIMO KIKO WAPI?



Kila siku, kabla jua halijatoka, wengi wetu twaondoka Kaloleni, Makongeni, Jericho na Kayole kwenda kusafisha maofisi na mahospitali. Tukifika, nyapara atuonyesha mtungi wa dawa usio na kibandiko na kusema, "Mimina kiasi." Kiasi gani? Mwenyewe hajui. Lakini ngozi ikichubuka au macho yakiwaka, tajiri husema mfanyakazi hajui kuchanganya dawa.

Maneno hayo twayakataa. Kuchanganya dawa ni hesabu, na hesabu yataka tarakimu. Dawa ya klorini (ambayo sote twaiita Jik hata kama siyo) ikiwa na nguvu ya asilimia 5, kikombe 1 chatiwa katika vikombe 49 vya maji baridi, ipatikane asilimia 0.1 ya kupangusia meza na sakafu. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, maji ni vikombe 34. Sasa mtungi usioandikwa kitu, tutie vikombe vingapi?

Wako na wenzetu wanaotuudhi. Hao husema dawa isipowasha pua haijasafisha. Wengine huchanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi, ati iwe kali. Itakuwa kali kweli, kwa maana hapo hutoka gesi ya klorini, ile ile ambayo Wajerumani waliwaachilia adui zao huko Ypres mwaka 1915. Na vyoo vingi tunavyosafisha havina hata dirisha! Tena kuna anayebeba dawa kwenda nayo nyumbani katika chupa ya soda, na mtoto akiiona chupa ya soda hujua ni soda.

Hata hivyo mzigo mkubwa ni wa tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka awape wafanyakazi mavazi ya kujikinga, na yataka dawa ziwe na vibandiko. Yasema pia kwamba mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe. Je, makontrakta hawaijui sheria hii? Waijua sana siku ya kuomba tenda.

Katika Ukumbi wa Kaloleni, mwezi wa Aprili 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walidai uhuru wa nchi nzima. Sisi twadai kikombe cha kupimia, glavu, na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Ile ya Kiingereza kitupu iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo twaihesabu kuwa haipo.

Wajumbe wote, wiki hii kagueni stoo. Mtungi usio na kibandiko usifunguliwe. Mwambieni nyapara mbele ya mashahidi wawili, andikeni tarehe na saa, na nakala iletwe ofisi ya tawi kabla ya Jumamosi.