Tech Sio Kahawa na Laptopu, Acheni Kudanganya Watoto wa Watu

Wadau, leo sitaji mtu. Wahusika wanajijua, na mashabiki wao mtawatambua hata kabla hamjafika mwisho.

Kuna wimbi la mastaa wa mtandaoni wanaoposti "siku yangu ndani ya tech". Kahawa yenye povu, laptopu imejaa stika, bahari kwa nyuma, halafu linki ya kozi ya wiki sita. Ukimaliza eti wewe ni mchambuzi wa mifumo ya biashara, unalipwa dola ukiwa kitandani. Jamani! Kwenye klipu zote hizo, nani umewahi kumwona anaongea na mtunza stoo?

Maana kazi yenyewe ndo hiyo. Kampuni kubwa inanunua programu moja ya kuendesha kila kitu: stoo, manunuzi, uhasibu, mishahara. SAP ya Ujerumani ipo kwenye biashara hiyo tangu 1972. Mchambuzi anakaa katikati ya programu na binadamu. Anashinda na mama wa uhasibu akimuuliza, "Mzigo ukirudishwa, hii ankara unaifanyaje?" Anagundua utaratibu ulioandikwa ni mmoja, unaofuatwa ni mwingine kabisa. Na mishahara ikigoma kutoka mwisho wa mwezi, simu yake ndo inaita, si ya bosi.

Unadhani ni mambo madogo? Cheki Lidl, wale wenye supamaketi Ujerumani. Walihangaika na mfumo wa SAP miaka saba, 2018 wakaachana nao, na gharama ikaripotiwa kufika yuro milioni 500 hivi. Moja ya yaliyowaponza: wao walizoea kuhesabu thamani ya bidhaa kwa bei ya kununulia, programu ikawa inatumia bei ya kuuzia. Hawakutaka kubadili mazoea, wakaanza kuikatakata programu iwafuate wao. Bei ya kununulia au ya kuuzia! Swali la duka la Mangi, limekula mamilioni ya Wazungu.

Hershey nao, wa chokoleti kule Marekani. Mwaka 1999 kazi iliyokadiriwa miezi 48 waliibana kwenye 30, wakawasha mfumo Julai, oda za peremende za Halloween zikiwa zinaanza kumiminika. Oda za kama dola milioni 100 zikakwama, na mzigo upo stoo.

Kwa hiyo sina ugomvi na wauza kozi peke yao. Kuna na nyie mabosi wa suti, mnaokata utepe na kuposti "tumeingia kidijitali rasmi". Kijana akisema data bado chafu, subirini mwezi mmoja, mnamwita mpinga maendeleo. Mfumo ukidondoka, mnaandika barua ya onyo yenye jina lake. Tarehe mlipanga nyie, kisa mgeni rasmi alikuwa na nafasi siku hiyo!

Na dada wa kahawa, kaka wa stika, watoto wa watu wanauza simu zao kulipia kozi zenu. Wengine wanakopa. Hebu tuambieni hapa hapa: nyie wenyewe mmewahi kufunga hesabu za mwezi kwenye mfumo upi, na nani alikuwa anawapigia simu saa saba usiku? Komenti ziko wazi. Jibu liwe na jina la mfumo, sio la mgahawa.