Kiporo kilivyowaangusha watu wa kikosi cha jeshi

Julai 30, 2012, watu wa kikosi kimoja cha jeshi nchini Marekani walikula chakula cha mchana pamoja kazini. Baada ya muda wa saa mbili hadi tatu, matumbo yakaanza kusokota, watu wakitapika na kuharisha. Watu 13 walikimbilia hospitali ya jeshi. Wachunguzi walipohesabu wote, wagonjwa walikuwa 22.

Muda huo mfupi ulikuwa kidokezo cha kwanza. Salmonela, kwa mfano, kwa kawaida huchukua saa sita au zaidi kabla ya mtu kuugua. Anayeugua upesi hivi mara nyingi amekula sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula.

Kisha watu wakaulizwa nani alikula nini, wagonjwa na wazima pia. (Wazima husahaulika, ilhali bila wao kila sahani mezani ingeonekana na hatia.) Majibu yakaelekea kwenye perlo, wali uliopikwa pamoja na kuku na soseji, jamii ya pilau. Maabara ikakuta humo bakteria aina ya stafilokokasi na sumu yake. Chakula hicho kilipikwa siku iliyotangulia, kikalala takriban saa nane ndani ya oveni isiyowashwa.

Stafilokokasi huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya, na hujaa kwenye majipu na vidonda. Wakiingia kwenye chakula vuguvugu huzaliana na kuacha sumu. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea: kupasha moto kunaua bakteria, lakini sumu hii haiondoki kwa moto. Kiporo kinaweza kufuka mvuke na bado kikamlaza mtoto.

Kwa hiyo wali uliolala jikoni usiwekwe kwenye chombo cha shule. Uliobaki ugawanywe kwenye vyombo vifupi na kuingia friji kabla ya saa mbili kupita. Asiye na friji, na ni wengi, apike kinachoisha. Mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kupakua.

Mtoto akianza kutapika, apewe ORS kidogokidogo. Akilegea, akikosa mkojo au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja. Chakula kilichobaki kisimwagwe. Kifunikwe na kutengwa mbali na watoto, na mzazi aandike nani alikula nini na saa ngapi, hata wale wasioumwa.