AJIZI NI NYUMBA YA NJAA

Katika kitabu cha Mithali, sura ya 6, mvivu anapelekwa shule kwa chungu, yule mdudu mdogo asiyesimamiwa na mtu, ambaye hata hivyo hukusanya chakula chake wakati wa mavuno.

Wako wageni ambao wafikapo Isiolo humwona mchungaji ameketi chini ya mgunga, fimbo mkononi, wakasema, "Tazama mvivu yule!" Wamehukumu upesi. Kitabu hicho hicho, sura ya 27, chamwagiza mwenye makundi aijue vema hali ya wanyama wake, kwa kuwa mali haikai milele. Kazi hiyo haina jembe, lakini ina jasho.

Waborana wa Isiolo wana baraza la wazee wa malisho liitwalo dedha. Wazee hao huigawa nchi: malisho ya wakati wa mvua, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba yasiyoguswa mpaka ukame uwe mkali. Mvua inyeshapo, mifugo huondolewa kando ya mto Uaso Nyiro, ili nyasi za huko zingoje siku za shida. Hapo ndipo mvivu hujulikana. Yeye huziona nyasi zilizo karibu, akasema, "Ya nini kwenda mbali?" Hula leo malisho ya kesho, tena ya jirani zake wote.

Lakini bidii haizuii kila msiba. Toka mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika kaskazini ya Kenya, na wenye bidii nao walipoteza mifugo. Kumwona mtu akipokea msaada wa chakula na kumwita mvivu ni kurudia kosa la rafiki zake Ayubu, waliodhani kwamba kila apatwaye na msiba amejitakia.

Basi uvivu haupimwi kwa umaskini, wala bidii haipimwi kwa wingi wa ng'ombe. Vyote viwili hupimwa siku za neema. Mwenye ng'ombe wengi na auze wachache wangali wanono, aweke fedha, alipe karo ya watoto. Mwenye shamba na azibue mfereji wake kabla ya jua kali. Mvua ikinyesha, watu wengi hupumzika. Mwenye hekima hujua kwamba kazi yake ndiyo kwanza inaanza.