Vijana, tujifunze kufungasha programu

Programu yako inafanya kazi freshi kwa laptopu ya Windows. Mwenzako anayetumia Debian ataiweka vipi? Wengi wetu hukwama hapo.

Kufungasha ni kuchukua msimbo asilia, kuujenga upya kwa mfumo huo mwingine, kisha kuutoa kama kifurushi kinachosakinishwa kwa amri moja. Kwa Debian unaandika faili chache: control inataja programu zinazohitajika, rules inaeleza ujenzi, changelog inarekodi mabadiliko. Mara ya kwanza itagoma. Soma ujumbe wa kosa. Mara nyingi kuna programu saidizi uliyosahau kutaja.

Mbona ujisumbue? Waajiri wanadai tajriba, na bila kazi utaitoa wapi? Debian, iliyoanzishwa 1993, inaendeshwa na watu wa kujitolea na haikuulizi digrii. Mwanachama mzoefu atakagua kifurushi chako, na kikikubaliwa, jina lako litakaa kwenye changelog. Mwajiri anaweza kuisoma mwenyewe.

Basi usingoje kozi ya pesa nyingi. Tafuta programu huria moja ndogo ambayo haijafungashwa, uanze nayo wikendi hii.