Mama, juisi ya bitiruti na mdomo wangu

Majaribio yalinibana, na katikati ya majaribio nikagombana na mama kwenye simu. Ugomvi wenyewe wa juisi.

Mama ana presha. Jirani kamwambia bitiruti inatibu, aachane na vidonge. Akaacha kweli. Mimi, mwalimu mtarajiwa wa baiolojia na kemia, nikajibu kama wasomi wote tunavyojibu: mama, huo ni upuuzi wa mtaani. Akanyamaza. Kesho yake kanipigia: "Mwanangu, saa mbili asubuhi nimekunywa glasi mbili, saa tano nimepimwa, imeshuka. Muongo nani, mimi au mashine?"

Mashine haikudanganya jamani. Aliyekosea ni mimi, na ndiyo hoja yangu ya leo: sisi tunaosomea kufundisha tunawapoteza wazazi wetu tunapodharau jambo ambalo nusu yake ni kweli. Wakishaona hiyo nusu kwa macho yao, hawatusikilizi tena kwa iliyobaki.

Nikaingia maktaba. Bitiruti, kama mchicha, ina nitrati nyingi. Ukila, nitrati inaingia kwenye damu, tezi za mate zinaichukua na kuirudisha mdomoni, halafu bakteria wanaoishi juu ya ulimi wanaigeuza kuwa nitriti. Ukimeza, sehemu ya nitriti inageuka oksidi ya nitriki, nyingine tumboni, nyingine ndani ya damu, hasa pale oksijeni inapopungua. Ndiyo ile NO tuliyoikariri sekondari kama uchafu wa moshi wa magari! Kumbe ndani ya mshipa inalegeza misuli ya ukuta, mshipa unatanuka, damu inapita kwa nafasi, presha inashuka.

Mishipa yenyewe pia inaitengeneza. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionesha kwa mishipa ya sungura kwamba ukikwangua ule utando wa ndani, mshipa unaacha kulegea kwa asetilikolini. Baadaye ikajulikana kwamba kinachotoka kwenye utando ule ni NO, na mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel. Cha kuchekesha, Alfred Nobel mwenyewe alitajirika kwa baruti ya nitrogliserini, na uzeeni daktari akamwandikia nitrogliserini hiyo hiyo kwa ajili ya moyo. Nayo inafanya kazi kwa kutoa NO. Nilicheka peke yangu, mtu wa maktaba akanikata jicho.

Sasa mama. Mwaka 2008 watafiti wa London waliwapa watu wenye afya nusu lita ya juisi ya bitiruti. Baada ya saa tatu hivi presha ya juu ilikuwa imeshuka kama 10. Walipowaambia wateme mate yote badala ya kumeza, haikushuka. Kwa hiyo mama hakuota, hata saa zake zilikuwa sawa! Mwaka 2015 wakajaribu kwa wagonjwa wa presha 64. Waliokunywa robo lita ya juisi yenye nitrati kila siku kwa wiki nne walishuka karibu 8. Walipoacha, ikapanda tena.

Mama yangu kabla ya vidonge alikuwa 170. Toeni 8. Fanyeni hesabu wenyewe, wadau.

Ile "upuuzi" yangu ilimwacha bila dawa wiki nzima zaidi, kwa sababu nilikuwa nabisha kitu anachokiona. Nikampigia tena, safari hii nikaanzia hapo: shikamoo mama, naomba radhi, ulikuwa sahihi, inashusha. Kimya. Nikaendelea, inashusha kidogo tu na kwa masaa, haiwezi kuibeba 170 peke yake. Akauliza maswali kibao kuliko wanafunzi wangu wote wa mazoezi ya ufundishaji. Vocha ikaisha, akapiga yeye.

Jumatatu akaenda kliniki. Nesi akamrudisha kwenye vidonge, akapima figo kwanza ndipo akamruhusu juisi, maana wenye figo mbovu wanatakiwa kuwa waangalifu nayo.

Jana kanipigia tena. "Baba, vidonge nameza, usiwe na wasiwasi. Sasa hayo mate, niyameze yote?"

Nikamwambia yote, mama.