Usimpe Fundi Fedha Kabla ya Kumjua



Ukisha kuuza korosho au machungwa yako, shauri la kwanza ni nyumba: kuongeza chumba, kuondoa makuti na kuezeka mabati. Ni shauri jema. Basi unavuka Likoni kwenda mjini, na ushukapo Feri, kabla hujapita vibanda, umekwisha pata fundi. Anasema vizuri, anataja bei ndogo, na anataka arubuni leo hii apate kununua simiti.

Usimpe. Wewe unarudi Shimba Hills, naye anabaki kisiwani kati ya maelfu ya watu wavukao kila siku. Asipokuja, utamtafuta wapi?

Sisemi mafundi wa Feri ni wezi. Wengi ni watu wa haki, na hao hawachukii kuulizwa. Mwulize jina lake kama lilivyo katika kitambulisho, mahali akaapo, na nyumba alizozitengeneza. Kisha nenda ukazione. Usikubali kupelekwa kwenye nyumba iliyomalizika mwezi uliopita, kwa kuwa kila ukuta mpya ni mzuri. Taka ile iliyokwisha pata masika mawili. Fundi aliyechota mchanga wa ufuoni bila kuuosha, chumvi hula vyuma vyake ndani ya zege mpaka zege linapasuka, na lipu hubambuka chini ya ukuta. Tazama hapo. Halafu zungumza na mwenye nyumba, fundi akiwa hayupo: je, alimaliza kazi? Bei ilipanda katikati?

Akijisifu kuwa ametengeneza nyumba za Mji wa Kale, mwulize alizipiga lipu ya nini. Kuta zile za mawe na chokaa hutaka chokaa. Simiti hufungia unyevu ndani. Ajuaye atajibu mara moja.

Kwa kazi kubwa ya kontrakta, iko Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Huandikisha makontrakta kwa madaraja 8, la 1 likiwa la kazi kubwa kabisa, na mafundi pia. Ukionyeshwa cheti, ulizia nambari yake kwa NCA wenyewe, maana huenda ni cha mtu mwingine au muda wake umekwisha. Hata hivyo mimi huamini zaidi ule ukuta wa masika mawili.

Patano liandikwe mbele ya shahidi. Simiti na mabati nunua mwenyewe, upate risiti. Fedha za ufundi lipa kidogo kidogo kadiri kazi ionekanavyo, na sehemu moja ibaki mkononi mwako mpaka mvua ya kwanza ipige juu ya bati.