Ligi Inakula Pesa ya Beti, Mchezaji Ndiye Anafungiwa

Wasee, naona vile mnacheka hii stori ya Emmanuel Clase na Luis Ortiz. Kwa wale hawafuatilii besiboli, na najua ni wengi, hawa walikuwa warushaji mpira wa Cleveland Guardians. Novemba 2025 walishtakiwa huko Marekani. Serikali inasema walikuwa wanaelewana na wabetaji kabla ya mechi, halafu wanarusha mpira fulani vibaya makusudi ndio wale wabetaji wakule. Wote wawili wamekana. Korti itaamua.

Mwezi mmoja kabla ilikuwa zamu ya NBA. Terry Rozier wa Miami Heat alikamatwa. Anadaiwa kuwa Machi 2023, akiwa bado Charlotte Hornets, alimwambia beshte yake mapema kwamba atatoka mechi akisema ameumia. Watu wakaweka zaidi ya dola 200,000, nyingi zikiwa za kubeti kwamba Rozier hatafikisha namba zake. Alicheza chini ya dakika kumi akatoka. Yeye pia anakana. Siku hiyo hiyo walimkamata kocha Chauncey Billups wa Portland, lakini yake ni kesi ya poka, msichanganye.

Maoni yenu yote ni yaleyale. Tamaa. Pesa yote hiyo na bado anataka zingine. Afungiwe maisha. Sawa, kama walifanya, wafungiwe, sina shida na hiyo. Shida yangu ni kwamba hakuna mtu anauliza hiyo beti iliwekwa sokoni na nani, na nani anakula kila siku ikiuzwa.

Hebu angalia hiyo beti vizuri. Ukitaka kununua matokeo ya timu nzima, unahitaji wachezaji kadhaa, pengine na refa. Ni ngumu, na watu wengi wakijua siri, siri inatoka. Lakini beti ya kusema "huyu jamaa atapata chini ya pointi sita" inahitaji mtu mmoja tu. Na hahitaji hata timu yake ipoteze. Anashika mguu, anaenda benchi, mechi inaendelea. Kwa besiboli ni rahisi zaidi, juu mechi moja inaweza kuwa na mipira zaidi ya 200 inayorushwa, na unaweza kubeti mpira mmoja tu kati ya hiyo yote. Nani atakumbuka mpira mmoja uliogonga mchanga?

Na ligi haziwezi kusema hazikujua. Jontay Porter wa Toronto Raptors alifungiwa maisha na NBA Aprili 2024. Alikuwa anatoka mechi mapema, mara jicho, mara anasema ni mgonjwa. Siku moja alicheza dakika tatu pekee, na kuna mtu alikuwa ameweka dola 80,000 akitarajia kushinda milioni 1.1 kama Porter atacheza vibaya. Porter alikuwa kwa mkataba wa wale wachezaji wanaolipwa kidogo, wanapanda na kushuka kati ya NBA na timu ya chini. Baada ya hiyo kesi, kampuni za beti zilizo na mkataba na NBA zilikubali kuondoa beti za "atapata chini ya" kwa wachezaji wa aina hiyo. Wale wengine wote zikabaki.

Halafu besiboli. Mashtaka ya Clase na Ortiz yalitangazwa, na kesho yake ligi na kampuni za beti zikatangaza kuwa beti ya mpira mmoja isizidi dola 200, na isiunganishwe na beti zingine. Kesho yake! Kumbe ilikuwa inawezekana kufanywa kwa siku moja. Mbona haikufanywa mapema? Na mbona hawakuiondoa kabisa, wakaamua kuiwekea tu kikomo?

Jibu ni doh. Mwaka 2014 kamishna wa NBA, Adam Silver, aliandika kwa New York Times akitaka beti zihalalishwe. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafutilia mbali sheria iliyokuwa inazuia majimbo mengi kuruhusu beti za michezo. Miezi michache baadaye, NBA ilikuwa imeshasaini na MGM. NFL, ambao miaka mingi hawakutaka hata kuskia jina la Las Vegas, walisaini na Caesars, DraftKings na FanDuel mwaka 2021, na Februari 2024 wakapeleka Super Bowl hukohuko Vegas.

Katikati ya hizo sherehe, Calvin Ridley alikuwa ameadhibiwa. Alibeti mechi za NFL kwa simu yake, na mwenyewe alisema jumla ilikuwa dola 1,500, wakati hakuwa hata anacheza kwa sababu za afya ya akili. Akanyimwa msimu mzima wa 2022 na mshahara wa zaidi ya dola milioni 11. Sheria ni sheria, nakubali. Lakini ligi inasema beti ni sumu kwa mchezo mchezaji akishika, na ni biashara safi ligi ikishika.

Uingereza ndio vituko kabisa. Ivan Toney wa Brentford alifungiwa miezi 8 Mei 2023 kwa makosa 232 ya kubeti. Daktari alisema ana uraibu wa kamari. Jamaa akamaliza adhabu, akarudi uwanjani Januari 2024, na jezi aliyopewa kuvaa ilikuwa imeandikwa Hollywoodbets kifuani. Yaani mgonjwa wa kamari anatumwa kazini kutangaza kamari, na hakuna mtu kwa Premier League aliona aibu.

Lucas Paquetá naye alishtakiwa na FA Mei 2024 kwamba alitafuta kadi za manjano makusudi ili watu wakule beti. Uhamisho wake kwenda Manchester City ulikuwa umeshakufa mwaka 2023 uchunguzi ulipoanza. Julai 2025 akaondolewa hayo mashtaka ya kadi. Muda huo wote anachunguzwa kwa beti, kifua chake cha West Ham kimeandikwa Betway. Msimu wa 2025/26 Betway ilikuwa imeondoka, ikaingia BoyleSports, ambayo pia ni ya beti.

Klabu 11 kati ya 20 za Premier League msimu wa 2025/26 zilikuwa na kampuni ya kamari mbele ya jezi. Walikubaliana msimu huo ukiisha zitoke kifuani. Wasee wanapiga makofi. Lakini mkono wa jezi unaruhusiwa, na mabango ya kando ya uwanja pia. Hiyo ni kuhamisha tu, si kuondoa.

Najua mtaniambia mimi ni mtu wa kulaumu wakubwa, na Porter alishikwa kwa sababu beti ni halali, kampuni ikaona ile 80,000 ni ya ajabu ikaripoti. Ni kweli. Beti ikifanywa gizani, hakuna mtu wa kuripoti. Lakini nani alisema tufunge kila kitu? Kubeti nani atashinda mechi ni jambo moja. Kuuza beti ambayo mtu mmoja anaweza kuamua peke yake kwa sekunde mbili, halafu ushangae akishawishiwa, hiyo ni biashara ya kujua hasara itabebwa na mwingine.

Na msidhani hii ni ya wazungu tu. Mwaka 2020 FIFA ilifungia wachezaji wanne kwa kupanga mechi za Kakamega Homeboyz, mmoja wao maisha. Mwaka 2021 Zoo FC iliondolewa kwa ligi kuu kwa kesi kama hiyo. Unakumbuka 2019 SportPesa walipokosana na serikali? Walivunja udhamini, Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki kuomba. Ligi yetu ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja, na huo mguu ulikuwa wa kamari. Mchezaji ambaye hajalipwa miezi mitatu akipigiwa simu na mtu wa kupanga mechi, usiniambie shida ni tabia yake peke yake.

Sisi nasi ndio soko. Tuliopita chuo tunajua, HELB ikiingia asubuhi, kufika jioni kuna msee amebaki na nauli. Mimi niliacha chuo, sasa naishi na hizi video. Mwaka huu kampuni mbili za beti zimeniandikia, sitazitaja. Moja ilinitumia mkataba, nikausoma mpaka mwisho. Nilikuwa nilipwe asilimia ya pesa ambayo nyinyi mtapoteza. Mkishinda, mimi sipati kitu. Nilikataa, na hiyo pesa ningeitumia vizuri sana, wacha niwaambie ukweli.

Kwa hivyo hii ndio naitisha. Ligi ziondoe beti zote za mchezaji kucheza vibaya na za mpira mmoja, kabisa, si kwa kikomo. Ligi inayofungia mchezaji kwa beti itangaze kila mwaka imepokea pesa ngapi kutoka kwa kampuni za beti. Na hapa nyumbani, klabu ikidhaminiwa na kampuni ya beti, mishahara ya wachezaji iwekwe kando kabla ya pesa nyingine yoyote kuguswa.

Na wewe, kabla uandike "tamaa" chini ya picha ya Rozier tena, angalia jezi ya timu yako imeandikwa nini, halafu urudi tuongee.